Waitu sio watu: kisa cha mswada wa mwalimu

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya mwalimu mwenyewe, na kijana nae anajua kwamba naandika. Majina yao sitayataja, wala duka. Ni kirefu, naomba univumilie, kwa sababu ukikifupisha kinakuwa cha kawaida kabisa, kijana kaiba hadithi, kagundulika, kaomba msamaha, basi. Mi nimekaa nacho miezi saba na sijaona kama ni cha kawaida.

Kazi yangu ni kuhariri miswada hapa Dar. Wengi wanaonijia siku hizi ni hawa wanaouza simulizi kwa WhatsApp, unajua utaratibu wake, vipande kumi vya kwanza bure alafu hadithi inakatwa pale pale mtu anapofungua mlango, ukitaka kujua nani alikuwa nyuma ya mlango unatuma buku kwa M-Pesa unatumiwa vilivyobaki. Wapo wanaoandika vizuri sana kwa njia hiyo na wanalisha familia, siwadharau hata kidogo. Huyu kijana alikuwa mmoja wao. Ana miaka 26, anafanya kazi kwenye steshenari kule Tandika, wanachapa, wanatoa kopi, wanabaindi. Alianza na hadithi fupi za makonda wa daladala, baadae akatoa moja ndefu ikawaka, watu wakaanza kumwambia aifanye kitabu, ndo akanitafuta.

Hiyo ndefu ilikuwa ya MV Bukoba. Kwa waliokuwa bado hawajazaliwa: ile meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza, na ilikuwa imeshakaribia kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 na siku ile ilikuwa imebeba wengi kupita kiasi, waliokufa ni zaidi ya watu 800. Wengi wamelala pale Igoma, Mwanza. Kitu ambacho waliokuwepo hawawezi kukisahau ni kwamba meli ilipinduka ikabaki inaelea kifudifudi, ndani kulikuwa na watu hai wanagonga bati, waokoaji wakatoboa tumbo la meli ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka na meli ikazama na waliokuwa bado wamo ndani. Sasa hadithi ilikuwa inasimuliwa na mtu aliyeko bandarini Mwanza anamsubiri ndugu yake wa kike, ana kikapu cha chakula alichompikia, na muda wote wa hadithi, kurasa mia na ishirini na kitu, kile kikapu hakifunguliwi. Mi nimesoma miswada mingi, ile nilisoma usiku mmoja na asubuhi nilishindwa kuongea na mtu.

Nilimpigia. Nikamwambia mdogo wangu, umeandika kama mtu aliyekuwepo. Akasema asante dada, Mungu tu. Hayo maneno ya "kama mtu aliyekuwepo" ningeyasikiliza mwenyewe vizuri siku ile tungekuwa tumemaliza mapema, maana kijana kazaliwa miaka kadhaa baada ya ajali na Mwanza hajawahi kufika. Lakini nilitaka iwe kweli. Nilikuwa nimempata mwandishi, na mhariri aliyempata mwandishi haulizi sana.

Alafu akaniletea mswada wa kitabu, "umeboreshwa" alivyosema. Ndo vitu vikaanza kunigonga kimoja kimoja. Kwanza meli ilikuwa imegeuzwa, sasa inatoka Mwanza jioni kwenda Bukoba, na yule ndugu anaagwa na kaka yake huku amebeba kifurushi cha senene, wale panzi wa kuliwa, zawadi kwa wenyeji anaokwenda kuwaona. Jamani. Senene wanatoka Bukoba, ndo zawadi ya watu wa Kagera kwa nchi nzima, hakuna mtu anayebeba senene kutoka Mwanza kuwapelekea Wahaya kwao! Kwenye kile cha WhatsApp nilikumbuka kabisa ilikuwa sawasawa, senene, ndizi na kahawa za kutafuna vinatoka kule vinakuja Mwanza. Kwa nini mtu aharibu kitu alichokipatia? Pili, ukurasa wa 18 msimulizi, ambae ni mwanaume, anasema "nikajifunga kanga ya pili kiunoni nikakimbia". Nilidhani kapitiwa. Tatu, na hii ndo iliyonimaliza, palikuwa na sehemu bibi mmoja anawapokea wageni anasema "karibuni watu". Mara nne hivi, "asante watu", "poleni watu". Haina ladha, haikai mdomoni mwa bibi wa Kihaya. Nikarudi kwenye kile cha WhatsApp nikatafuta, na sehemu moja tu, moja kati ya zile nne, ilikuwa imeachwa: waitu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na Wahaya analijua hilo neno, ni la heshima na upendo, huwezi kumwita mtu vizuri bila hilo. Aliyechapa hakulijua, akaona ni makosa ya kiuandishi, akasahihisha kuwa "watu".

Mwandishi hasahihishi neno la bibi yake mwenyewe. Anayelisahihisha ni mchapaji.

Nikaenda kuangalia jina la faili alilonitumia mara ya kwanza kabisa. "Ticha kauntabuku 2 mwisho." Nikamuuliza kwa meseji, mdogo wangu, ticha ni nani? Kimya siku mbili. Siku ya tatu saa saba usiku akanitumia voisi ya dakika kumi na moja, nusu yake ni kulia.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mstaafu, mama wa Kihaya anaishi Yombo, alifundisha Mwanza miaka mingi kabla ya kuhamia Dar. Aliandika kwa mkono kwenye kauntabuku mbili, kwa miaka tisa, kidogo kidogo. Akapeleka kwa kijana achapiwe, akamlipa mia tano kwa ukurasa, akapewa kopi imebaindiwa vizuri, akaenda kuiweka kabatini. Simu yake ni ya kitochi. Kijana akabaki na faili kwenye kompyuta ya dukani. Anasema kwa wiki kadhaa alikuwa anaifungua anasoma tu wateja wakipungua. Alafu siku moja akaweka kipande cha kwanza, bila jina kabisa, aone watu watasemaje, wakamwambia kaka una kipaji, na hakukanusha. Anasema hakumbuki siku aliyoamua kuiba, anakumbuka tu siku ambayo hakukanusha. Hilo namwamini. Kipande cha nne ndo akaweka jina lake juu, akabadilisha msimulizi awe mwanaume na mdogo wa mwalimu akawa dada yake yeye. Tulipoanza habari ya kitabu akaogopa kwamba kitafika mkononi kwa mwalimu au kwa ndugu zake, ndo akageuza safari ya meli, akasahihisha na ule waitu wa mwisho, akafuta majina ya mitaa. Yani ili wizi usionekane ilibidi aiharibu ile kazi, na kila alipogusa iliharibika kwa sababu hakuwa anajua nguzo ziko wapi.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapa ndo watu wengi nikiwasimulia wananikatisha, wanasema alipata shilingi ngapi, arudishe. Kwa maelezo yake alipata kama laki nne na nusu. Sheria inalijua hili pia, tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kazi inalindwa tangu ilipoandikwa hata kama hujaisajili popote, kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Sheria hiyohiyo inaitenga haki ya kutajwa kama mwandishi na ya kazi yako kutopotoshwa, mbali kabisa na haki ya hela. Ajali ya MV Bukoba sio mali ya mtu, kesho na wewe unaweza ukaandika riwaya yake na mwalimu hana la kukuambia, ila kile kikapu kisichofunguliwa, zile sentensi, ule mpangilio, ni vyake. Kisheria kesi ni nyepesi. Lakini hela ndo ilikuwa kitu kidogo kuliko vyote, na ngoja nikuonyeshe kwa nini.

Hadithi ilivyokuwa inaenda, wasomaji walianza kumwandikia kijana faraghani. Sio wale wa "nakukubali mwandishi". Watu waliofiwa. Mwanamke mmoja alimwandikia kwamba baba yake alikuwa mle na mwili haukupatikana, na yeye akiwa darasa la tatu alikuwa anaambiwa baba kasafiri, akaamini mpaka darasa la sita. Kuna mwingine aliandika kwamba tangu 1996 hajawahi kumwambia mtu kwamba ile tiketi ya mdogo wake aliikata yeye. Watu wazima, wamekaa na kitu karibu miaka thelathini, wanasoma hadithi wanasema finally nimempata anayejua, wanafungua. Na kijana akawajibu! Akawajibu kwa sauti ya mwalimu, kwa sababu ndo sauti waliyokuwa wanaiongelesha. Yule wa tiketi alimwambia "na mimi dada yangu nilimshauri mimi apande, najua unavyojisikia". Hana dada aliyekufa. Hana dada kabisa.

Mi hapo ndo niliposhikwa na hasira, naomba nisiseme uongo, nilizima simu nikatoka nje nikazunguka. Kwa sababu hela ya mwalimu inarudishika, na jina linarudishika. Huyu mtu wa tiketi alibeba siri yake akaipeleka kwa mtu ambae hayupo. Kama akija kujua, na lazima wengine wamejua maana mambo yaliwekwa wazi, unafikiri ataisema tena kwa nani? Sioni ofisi ya kumfidia.

Upande wa kijana mwenyewe, ntasema na hapa najua wengine watanuna. Alikuwa anaweza kuandika. Zile hadithi zake za makonda nilizirudia baada ya haya yote, kuna moja ya konda anayehesabu chenji gizani kwa kugusa tu sarafu, fupi, safi, mtu aliyeishi Tandika ndo anaweza kuiandika. Tangu aweke jina lake juu ya kazi ya mwalimu hakuandika hata mstari wake mmoja. Angeandikaje? Watu walitaka nyingine ya kuliza, akaandika kurasa mbili akaona zinafanana na za kijana wa Tandika, hazifanani na za yule ambae wote wanamsifia, akafuta. Alifika mahali anaenda kumsalimia mwalimu Yombo, shikamoo mwalimu, unaendelea kuandika? kuna kauntabuku nyingine? Mwalimu akawa anafurahi, anaona kijana ana adabu, anapenda vitabu, anamkaangia samaki. Hili la samaki kijana alinisimulia bila kuulizwa na nadhani ndilo linalomuuma kuliko lote. Wahenga walishasema cha kuazima hakisitiri matako, ila wao walikuwa wanaongelea nguo, nguo unaweza ukaivua ukarudi kwenye yako. Baada ya mambo kujulikana watu wakasema hata zile za makonda kaiba, na hana namna ya kuwathibitishia.

Na ana hoja yake, tuiseme kwa haki. Alisema dada, bila mimi ile kitu ingeliwa na mende kabatini, mwalimu hana simu ya kisasa, hamjui mtu yeyote, mimi ndo nimeichapa, mimi ndo nimewatafuta wasomaji, watu mamia wamelia na kupona kidogo kwa sababu yangu. Kila kitu alichosema hapo ni kweli. Kilichobaki ni swali moja nililomuuliza nae hakunijibu: Tandika mpaka Yombo ni nauli shilingi ngapi? Angeenda siku moja, akae, amwambie mwalimu hii kazi yako ni nzuri sana niruhusu niiweke watu waisome kwa jina lako, tugawane hela. Mwalimu ananiambia angekubali hata bila kugawana. Yani alichoiba angepewa. Alichotaka ambacho asingepewa ni kuwa yeye ndiye.

Tulienda wote Jumamosi moja. Nilimwambia mimi sitamsemea, atasema mwenyewe. Mwalimu alikuwa na mjukuu wake anachambua mchele, akatupokea vizuri, na kijana akasema akiwa amepiga magoti, alianza vibaya akasema "kulitokea kutoelewana kuhusu kazi yako", nikamkatisha, akaanza upya. Alimaliza. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu, nilifikiri hajaelewa mambo ya WhatsApp. Alafu akaniangalia mimi, sio yeye, akasema, "Mwanangu, kwa hiyo huyu kamchukua mdogo wangu akamfanya dada yake."

Kuna mshairi wa Roma ya kale, Martial, karne ya kwanza, mtu alikuwa anasoma mashairi yake hadharani kama ya kwake, Martial akamwita plagiarius, neno ambalo kwa Kilatini lilikuwa la mtu anayeteka watu, anayechukua binadamu wa mwenzake akamfanya wake. Nilikuwa nalijua hilo kama kitu cha darasani. Siku ile Yombo nililisikia kutoka kwa mtu ambae hajawahi kusikia habari za Martial. Na watunzi wetu wa tenzi walijua mapema, ndo maana ukifika mwisho wa utenzi beti za tamati mtunzi anakutajia jina lake, mara nyingine na baba yake na mahali anapotoka. Kuna wanaoona yale ni majivuno. Mi naona ni mtu anasema, haya niliyoyasema mkitaka kuuliza njooni kwangu, mimi nitajibu. Huyu kijana alichukua nafasi ya kujibu na hakuwa na majibu.

Polisi mwalimu alikataa. Alisema hataki mtoto wa mtu aende jela Segerea kwa ajili ya kauntabuku. Alitaka vitu vitatu. Kijana atangaze palepale alipouzia, kwa maneno ya wazi, na tuligombana sana juu ya hayo maneno maana kila rasimu aliyoniletea ilikuwa na "bahati mbaya" ndani yake, mwisho ikawa hivi: niliichukua kazi ya mwalimu wangu nikaiweka jina langu, dada niliyemtaja sikuwahi kuwa nae, walioniandikia kuhusu ndugu zao niliwadanganya. Hela alipe kidogo kidogo, mpaka sasa ameshalipa laki na sabini. Na cha tatu, mwalimu alitaka kusoma meseji za wale waliofiwa. Ndo kitu alichokiulizia kwanza kabla hata ya hela.

Hazipo. Usiku ule alionitumia voisi, kabla hajanitumia, aliogopa akafuta kila kitu, grupu, meseji za faragha, namba, vyote. Kilichobaki ni picha za skrini alizokuwa anaziweka status kujisifia, thelathini na mbili, nyingi namba zimefichwa. Mwalimu alipoambiwa hivyo ndo alilia, kwa mara ya kwanza toka tufike.

Kitabu nakihariri upya kutoka kwenye kauntabuku zenyewe, safari ya meli imerudi ilikokuwa, senene wamerudi kwao, kila waitu ipo mahali pake. Mwalimu ametaka ukurasa wa mbele uandikwe kwamba mswada ulichapwa na kijana, kwa jina lake kamili. Nilibisha wiki nzima. Nikamwambia mwalimu, baada ya yote haya unampa jina kwenye kitabu? Akaniambia kachapa, na mia tano zangu kazifanyia kazi, sasa mimi nae niende nikafute jina la mtu kwenye kazi aliyoifanya? Nimeliacha, litaandikwa.

Na zile picha thelathini na mbili, mjukuu anamsomea kwenye simu yake jioni, mwalimu anaandika jibu kwa mkono, mjukuu anapiga picha barua. Namba zilizoonekana ni tisa tu, hao wametumiwa. Wale wengine nao kawaandikia, kila mmoja barua yake, anaziweka ndani ya ile kauntabuku ya pili, kurasa zilizobaki nyuma. Ya mtu wa tiketi ndo bado, anasema hiyo bado anaitafutia maneno.